Kung'oa Si Kukiri

Mwaka ule mvua ilikuja kabla watu hawajawa tayari, mama yangu akapanda viazi vitamu kabla ya shemeji yake, na viazi vikaugua. Boma zima likasema mambo hayo ni jambo moja. Nimejaribu kulisimulia hili kwa upole, maana mwandishi wa kike akiandika kuhusu nyumbani hutarajiwa kuwa mpole: moshi wa jikoni, harufu ya udongo uliolowa, ziwa likimeta kwa mbali. Upole umekataa kuja. Nimeungoja vya kutosha.

Kwetu ni Nyakach, upande wa Pap Onditi, ambako ardhi imelala tambarare kati ya milima ya Nyabondo na ziwa, nyeusi, nzito, yenye kunata miguuni kama mtoto asiyetaka uende. Shamba lenyewe ni kipande kidogo kando ya barabara ya sokoni. Baba alikilima, kisha wakakilima wawili, kisha baba akafa na mama akaendelea kulima. Hana kingine. Viazi vya pale ndivyo tulivyonywea chai utoto wangu wote, vya moto, maganda yakichomoka yenyewe.

Baba alipozikwa, kaka yake mkubwa, ambaye mimi humwita baba mkubwa, alikuja kutaka kumrithi mama kama desturi inavyomruhusu. Mama alimkatalia mbele ya watu, na tena kwa mzaha.

"Shemeji," alimwambia, "huyo uliye naye hajashiba. Mimi utanilisha upepo?"

Watu walicheka. Mke wa baba mkubwa mwenyewe alicheka, akajifuta mdomo kwa kanga. Baba mkubwa hakucheka. Tangu siku hiyo nadhani alikuwa ameketi tu kwenye kiti chake, akingoja mama akosee.

Kosa alilolipata ni hili. Katika boma letu, msimu ukifika, nyumba ya mkubwa ndiyo hutoa mbegu kwanza. Tunaita golo kodhi. Mkubwa apande, ndipo wadogo wafuate. Na kwa viazi vitamu, ambavyo havina mbegu bali hupandwa kwa marando, yaani vile vipande vya shina linalotambaa, sisi hata marando huyachukua kwa mkubwa. Mama aliifuata desturi hiyo herufi kwa herufi. Alikwenda kwa mama mkubwa, yaani mke wa baba mkubwa, akaomba, wakakata pamoja, akarudi na mzigo kichwani. Walikubaliana nyumba ya mkubwa ipande, kisha yeye. Halafu baba mkubwa na mkewe wakaenda mazishini upande wa Kendu, wakakawia huko, na mvua ikashuka. Marando yalikuwa yameanza kuchipua mizizi kwenye kivuli cha jikoni, mengine yanaoza.

"Rando halijui mkubwa ni nani," mama aliniambia kwenye simu. "Linajua maji tu."

Akapanda.

Baba mkubwa na mkewe waliporudi, nao wakapanda. Baada ya muda majani ya mama yalianza kusinyaa. Yalikuwa membamba kuliko kawaida, yamejikunja, yana umanjano wa mtu aliyelazwa muda mrefu. Mashina yaliacha kutambaa, yakajikunyata pale pale yalipochomekwa. Si yote, hapa moja, pale matatu, kisha mstari mzima mzima. Baba mkubwa alisimama barabarani, akatazama, akasema neno moja: chira. Kwetu chira ni ule ugonjwa unaomla aliyevunja mwiko, unamla yeye, watoto wake, ng'ombe wake. Na dawa, akatangaza, inajulikana: aliyetangulia ang'oe kwa mikono yake mwenyewe alichokipanda, watu wakiona, ndipo kikao kimsamehe. Asipong'oa, shamba litapumzishwa. Kupumzishwa maana yake lirudi mikononi mwa nyumba ya mkubwa.

Mimi nilikuwa Migosi, mjini Kisumu, kwenye nyumba ya kupanga ninayoishi na rafiki yangu, nikihangaika na sura ya riwaya iliyokataa kusimama. Mama alipiga simu.

"Yule rafiki yako anayelea mimea kwenye chupa," alisema, "muulize viazi vyangu vina nini. Usimwambie habari za shemeji. Mwambie majani tu."

Rafiki yangu hufanya kazi kwenye maabara ya mimea. Ni mzaliwa wa mji huu wa Kisumu, wa familia ya Waislamu ambao babu yao alikuja kufanya biashara akasahau kurudi pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilimkuta jikoni anakatakata sukuma wiki. Nikamweleza majani. Nikamweleza na shemeji pia, sikuweza kujizuia.

"Chira ina mabawa," alisema, bila kuacha kukata. "Ndogo, nyeupe, ukitikisa majani inaruka kama unga. Nzi weupe. Mama yako ana virusi shambani, tena nadhani ni viwili."

"Viwili vya nini? Kimoja hakitoshi kuua?"

"Kwa kiazi? Hakitoshi. Kiazi si mjinga. Kiazi kinapigana."

Nilicheka, maana nilikiona kiazi kimekunja ngumi. Akaniangalia kwa huruma anayoniangalia nayo nikisema jambo la kiriwaya.

"Sikiliza, wewe mtu wa hadithi. Kirusi ni nini? Ni ujumbe tu. Hakina mikono, hakina tumbo. Kinaingia ndani ya jani, kinasema: nakili mimi, nakili mimi. Jani linanakili bila kujua. Lakini wakati kinanakiliwa, ule uzi wa ujumbe unakuwa maradufu, nyuzi mbili zimeshikana. Mmea nyumbani kwake hauna uzi mrefu wa namna hiyo. Ukiuona, unajua: huyu mgeni. Basi unatoa kisu." Akainua kisu chake, kina maji ya sukuma. "Unaukata. Vipande vidogo vidogo, karibu vya urefu mmoja. Halafu hautupi vile vipande. Unavihifadhi, unavigawa kwa walinzi wake, kila mlinzi na kipande chake mkononi. Mlinzi anazunguka. Akikutana na ujumbe unaolingana na kipande alichoshika, anaukata hapo hapo. Na vipande vingine vinasafiri ndani ya shina, vinakwenda mbele, vinafika kwenye majani machanga kabla kirusi hakijafika. Jani linazaliwa tayari linamjua adui."

"Bila damu," nilisema.

"Bila damu, bila homa, bila daktari. Sisi tunaita kunyamazisha. Mmea unakinyamazisha kirusi."

Neno lile liliniingia kama mwiba. Nimelelewa na neno hilo. Kwa Dholuo ni silabi moja, ling', inashuka juu ya kichwa chako kama kifuniko cha sufuria. Ling', wazee wanazungumza. Ling', wageni wapo. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo anayenyamazishwa ni mvamizi, na anayenyamazisha ni mwenye nyumba.

"Sasa mbona vya mama vinakufa?"

Aliweka kisu chini. "Kwa sababu ya kile cha pili. Cha kwanza huenda kilikuwamo kwenye marando tangu zamani. Kiazi kilikuwa kimekibana, wanaishi hivyo hivyo, majani yanapendeza, huwezi kuona kitu. Halafu nzi weupe wanaleta cha pili. Hicho kinakuja na kisu chake. Hakikati majani, hakikati mizizi. Kinakata vile vipande. Vile vya kumbukumbu, walivyoshika walinzi. Kinavikatakata vinakuwa vifupi mno, havilingani tena na kitu. Walinzi wanabaki wamesimama, mikono mitupu. Na kile cha kwanza kilichokuwa kimebanwa kinafumuka, kinajaa shina zima."

"Kwa hiyo ni marando ya baba mkubwa."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kilikuwamo kwenye marando."

"Nimesema huenda. Labda vyote viliruka kutoka shamba la mtu mwingine kabisa. Nzi hana kitambulisho. Usinitumie kumpiga mjomba wako."

"Baba mkubwa."

"Hata huyo." Akarudia sukuma. "Mwambie mama ang'oe yaliyougua. Leo, si kesho. Azike au achome. Yanayopendeza ayaache. Akiyaacha yaliyougua yasimame, nzi watayahamishia yote."

Nilimpigia mama nikamwambia ang'oe. Alicheka, cheko refu kavu ambalo sikulipenda.

"Nyathina," alisema, "mwanangu, umesikia ulichosema? Nikiving'oa, nimekiri. Nisipoving'oa, vitakufa vyote, na hapo pia nimekiri."

Nilisimama na simu katikati ya chumba. Jambo la pekee lililoweza kuliokoa shamba ndilo ambalo baba mkubwa alikuwa amelifanya kuwa ungamo. Sidhani alipanga. Angepanga ningemheshimu kidogo. Alijisemea tu, kama mtu mwenye ardhi anavyojisemea, na maneno yake yakawa ukuta.

Kikao kiliitishwa Jumamosi alasiri, sebuleni kwa baba mkubwa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti na kalenda ya kanisa ukutani. Nilisafiri kutoka Kisumu. Wazee wa ukoo walikaa kwenye makochi, wanawake kwenye viti vya plastiki karibu na mlango. Kaka yangu, anayefanya kazi Nairobi, aliwekwa mezani: simu iliyowashwa sauti, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Yeye ndiye mwana wa kiume. Kwa desturi ile ile inayotutesa, jina lake ndilo linalomweka mama pale shambani. Neno moja tu kutoka kwenye simu ile, "Shamba ni letu, mwacheni mama yangu," na kikao kingeisha tukanywa chai.

Mama alianza kueleza. Alieleza vizuri. Alisema marando aliyatoa wapi, akamtazama mama mkubwa, na mama mkubwa akatazama vidole vyake. Alisema mvua haikusubiri mazishi ya mtu. Mzee mmoja alitikisa kichwa kukubali. Aliposema, "Shemeji, hata yako yameanza kujikunja, pita kando ya barabara utazame," sebule ikachangamka, mtu akacheka, na nikaona baba mkubwa anavuta pumzi. Mama alikuwa anashinda. Mdomo wake ndio ulinzi wake, umemlinda tangu mazishi ya baba. Kila aliyekuja na neno, alilikata vipande akamrudishia.

Ndipo simu ikasema: "Mama. Mama, ling'. Nyamaza kidogo tu, mambo yapite. Wazee ni wazee. Tutaelewana nao taratibu."

Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtoto anayempenda mama yake. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. Angekuwa adui, mama angemjibu. Mama aliangalia simu kama mtu aliyeitwa na aliyekufa, akafunga mdomo, akakunja mikono. Na kila kilichokuwa kimebanwa chumbani mle kikafumuka. Mzee huyu akakumbuka mama alivyokataa kurithiwa. Yule akakumbuka kwamba alipofiwa na mume hakunyoa nywele ipasavyo. Mwingine akakumbuka ndama aliyekufa.

Nilisimama. Nilisema kuhusu nzi weupe, kuhusu virusi, kwa haraka na vibaya, nikichanganya lugha tatu. Baba mkubwa aliniacha nimalize.

"Msichana ni ogwang'," alisema, akiwaangalia wengine, si mimi. Ogwang' ni paka wa porini. Maana yake hatulii nyumbani, kesho ameruka ua. "Leo anatufundisha viazi. Ana kiazi kwake Migosi? Ana hata mume wa kumlimia? Kaa chini, binti, utaandika kitabu."

Walicheka. Nimeandika vitu vingi tangu siku hiyo na kila kimoja kina kicheko kile ndani yake, kama jiwe kwenye mchele.

Uamuzi: mama ang'oe, au msimu ujao nyumba ya mkubwa ilime shamba lile.

 Tuliporudi nyumbani kaka alipiga simu tena, mama hakuipokea. Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa watu, na mama akaingia shambani na jembe na gunia mchana kweupe. Nilimfuata. Aliinama kwenye kila shina, akageuza jani, akatazama chini yake. Lenye ugonjwa aliling'oa. Lililo zima aliliacha, akalifukia mizizi vizuri. Kazi ya polepole, ya mtu anayechambua mchele.

Wapita njia walisimama.

"Umefanya vyema, mama," alisema mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya, machozi karibu yamtoke. "Mungu husamehe anayeungama."

Mama aliinuka, akashika kiuno. "Nimeungama nini?"

"Si unang'oa?"

"Nang'oa wagonjwa. Hao wazima nimewaacha, huwaoni? Umewahi kuona mtu anakiri nusu ya dhambi, nusu anaifukia mizizi?"

Mwanamke alitabasamu kama unavyomtabasamia mgonjwa, akaenda zake kusambaza habari kwamba mama wa pale barabarani ametubu. Nilitaka kumkimbilia nimpokonye lile beseni. Tulichoma magunia jioni hiyo, moshi wake mchungu, wa kijani. Nami niliporudi mjini, pale Kondele, nikinunua omena kwa mama mmoja wa kwetu, alinipimia akaongeza kiganja kizima. "Nimefurahi," alisema. "Nasikia mama alitubu, shamba amebaki nalo." Nilimwambia hakutubu. "Haya," alisema, "hata kama." Ile hata kama! Habari ilikuwa imesafiri kando ya ziwa lote, imetulia, imeota mizizi. Nilizibeba zile omena hadi Migosi nikazimwaga kwenye sufuria kwa hasira hadi zikaruka nje, na rafiki yangu akauliza samaki wamenikosea nini.

Lakini viazi havisikii habari. Mashina aliyoyaacha mama yalitambaa. Yalichelewa, hayakuwa mengi, ila yalishika. Upande wa pili wa ua, shamba la baba mkubwa lilizidi kujikunja kutoka barabarani kwenda ndani. Nilipokwenda nyumbani tena nilimwona kwa macho yangu, mzee mzima, ameinama asubuhi, anachuma majani ya manjano yale yanayoonekana barabarani na kuyatia mfukoni mwa koti.

Mama alimfuata uani. Nilikuwa naye.

"Shemeji, ng'oa," alimwambia. Hakumkejeli. "Ng'oa hayo ya mbele, utaokoa ya nyuma."

"Mimi sina cha kukiri."

"Sijasema ukiri. Nimesema ung'oe."

Alitutazama, mfuko wa koti umevimba majani. Alikuwa amejifungia mwenyewe na ufunguo hakuwa nao. Angeng'oa, barabara nzima ingesema kaka mkubwa naye amevunja mwiko. Alikuwa na umri wa kutosha kujua hilo na kiburi cha kutosha kuliacha shamba life. Likafa. Sikumhurumia. Wengine watanisoma hapa wakitarajia nimhurumie; sina hiyo huruma, na mkewe ndiye aliyekula msimu ule unga wa kununua.

Msimu uliofuata hakukuwa na marando katika nyumba ya mkubwa. Hapo boma zima lilikwama: mbegu lazima itoke kwa mkubwa kwanza, na mkubwa hana mbegu. Baba mkubwa alisema tusubiri atafute kwa jamaa zake. Watu wakasubiri. Mama hakusubiri. Rafiki yangu alinipa gunia la marando yaliyotokana na zile chupa zake. Huchukua kile kichipukizi cha juu kabisa, kidogo kama ncha ya sindano, maana kirusi mara nyingi hakiwahi kufika pale. Mmea hukilinda kichwa chake hadi mwisho. Kutoka kwenye ncha hiyo hulea mmea mzima msafi. Aliniambia mara tatu kwamba usafi huo si ahadi, nzi bado wapo, mama aendelee kugeuza majani.

Mama aliyapokea, akayanusa.

"Haya hayakutoka kwa mkubwa," alisema.

"Hapana."

"Wala kwenye boma."

"Hapana, mama."

"Vizuri. Mara ya kwanza nilisingiziwa. Safari hii nitavunja mwiko kweli, wapate cha kusema."

Mvua ilinyesha usiku, na kulipokucha tulikuwa shambani, udongo umetunata hadi magotini. Simu ya mama ililia ndani ya mfuko wa aproni, jina la kaka kwenye kioo. Aliitazama hadi ikachoka. Tulikuwa tumefika katikati ya tuta la tatu baba mkubwa alipokuja na kusimama barabarani, mwavuli mkononi haujafunguliwa.

"Umepanda tena kabla yangu," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Unajua maana yake."

"Najua." Mama alichomeka rando, akalikandamiza kwa kisigino. "Itisha kikao. Nitakuja, na nitasema mimi, simu ikae nyumbani."

 Macho ya baba mkubwa yalikuwa kwenye gunia. Nilijua anachotazama na nilimwomba mama kimoyomoyo asimpe hata jani.

"Mke wako akitaka marando," mama alisema bila kuinuka, "aje mwenyewe. Aje mchana, apitie mbele, aniombe mimi. Nitamkatia."

Baba mkubwa aliondoka. Kikao kimeitishwa kwa Jumamosi hii, nami naandika haya nikiwa nimefunga mkoba. Mama mkubwa alikuja jana, saa sita mchana, kwa njia ya mbele.